MC wa Kasulu aliyegawa WiFi mtaa mzima, kilichofuata nusura kimkoseshe mchumba

Mtaani Kasulu siku hizi ukimnyima jirani pasiwedi ya WiFi, unaitwa mchoyo kuliko aliyeficha mboga. Ndiyo maana MC mmoja wa kike, yule anayetikisa kumbi za harusi kuanzia Kasulu mpaka Kibondo, alikuwa hajui kukataa. Jina libaki pembeni, ila video zake mmezitumiana sana.

Dada huyu anaishi Murubona, nyumba ya kupanga yenye familia kadhaa. Umeme wa gridi ya Taifa ulipofika ukanda ule mwaka 2022 na jenereta za dizeli zikapumzika, akaona sasa inalipa kununua rauta ya laini ikae hewani usiku kucha, apandishe video zake kwa raha. Pasiwedi akaweka namba yake ya simu. Ile ile aliyoiandika kwenye kadi za biashara!

Alimpa jirani mmoja tu. Mtoto wa jirani akafungua setingi za simu, akatoa msimbo wa QR, rafiki yake akauskani. Na kwenye simu nyingi za Android, chini ya huo msimbo pasiwedi imeandikwa wazi kabisa, kwa hiyo hakuna siri tena. Ndani ya wiki chache vijana walikuwa wanakaa nje ya ukuta wake hadi saa nne usiku, kila mtu kainamia simu.

Dalili zilianza na intaneti kuwa nzito. Akawalaumu watu wa mtandao kwamba wanaiba bando. Kisha mama mkwe mtarajiwa akaja kutoka Kibondo kumsalimia mkwe. Wamekaa sebuleni wanakunywa chai, ghafla TV inajiwasha yenyewe: singeli, mabinti wanakata viuno, sauti juu. Mama akashika kifua: "Mwanangu, hii TV yako ina mashetani?"

Shetani hakuwepo. Aliye kwenye WiFi moja na TV yako anaweza kuirushia video kutoka kwenye simu yake, na mtoto wa jirani alibonyeza jina la TV isiyo ya kwao. Watu walicheka, likapita.

Lililofuata halikuchekesha. Akaunti moja feki ilianza kumtukana MC mwenzake wa Kibondo, mambo ya ndoa yake, picha za kuungaunga, kila kitu nje. Aliyetukanwa akaenda polisi. Wiki kadhaa baadaye dada wa Kasulu akaitwa kituoni, akaingia na "shikamoo afande" yake, akakuta karatasi mezani: matusi yametumwa kupitia laini ya rauta iliyosajiliwa kwa namba yake ya NIDA na kidole chake mwenyewe.

Hapo ndipo watu wengi hawaelewi. Ukigawa WiFi unadhani umegawa MB. Kumbe umeazimisha jina lako. Kwa nje, simu zote zilizo kwenye rauta yako zinaonekana kama mtu mmoja, na mtu huyo ni mwenye laini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa matusi ya mtandaoni na hata kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa, lakini wa kwanza kuulizwa ni wewe.

Kibondo nako habari zilishafika. Mchumba wake, anayefanya kazi huko huko, akaanza kupokea simu kwa "ndiyo" na "hapana". Mazungumzo ya mahari yakasimama.

Kilichomwokoa ni kazi yake. Usiku ambao matusi mengi yalitumwa, rauta ilikuwa Kasulu na yeye alikuwa Kibondo, kashika maiki mbele ya ukumbi mzima, na video ipo. Mtu aliyemsaidia akafungua ukurasa wa rauta akakuta vifaa 17 vimeunganishwa. Vyake vilikuwa vitatu. Mtukanaji hajajulikana mpaka leo. Mahari nayo ilichukua miezi kurudi mezani.

Alichofanya baadaye hakikumgharimu hata shilingi. Aligeuza rauta, akasoma anwani kwenye stika (nyingi ni 192.168.8.1 au 192.168.1.1), akaingia kupitia simu. Kwanza akabadili pasiwedi ya admin, ile inayofungua rauta yenyewe, maana ya kiwandani kila mtu anaijua. Akachagua ulinzi wa WPA2. Rauta mpya zina WPA3, iliyokuja mwaka 2018. Ukikuta imeandikwa WEP, toa haraka, ilishavunjwa tangu mwaka 2001. Akazima WPS, ile ya kuunganisha kwa namba fupi, ambayo udhaifu wake ulianikwa mwaka 2011. Kuficha jina la WiFi hakusaidii kitu, mwenye nia ataliona tu.

Pasiwedi mpya ni sentensi ya Kiha aliyokuwa anaambiwa na bibi yake, yenye herufi zaidi ya 25. WPA2 inakubali kuanzia 8 hadi 63, kwa hiyo jimwage. Akapiga pia *106# kuona kama kuna laini nyingine zimesajiliwa kwa kitambulisho chake.

Na majirani? Akawafungulia mtandao wa wageni, wenye pasiwedi yake. Huo unazuia watu kugusa TV na simu zako, ila bado unapita kwa jina lako, kwa hiyo anauwasha kwa sababu inayojulikana. Mtoto wa jirani anaangalia matokeo ya NECTA, mwingine anajaza fomu za mkopo HESLB, wanakaa sebuleni, wakimaliza anazima.

Wapo wanaomsema kwamba ustaa umempanda kichwani. Anawaitikia salamu, anapita zake.

Wewe je, leo rauta yako ina simu ngapi, na unazijua zote ni za nani?