Mtoto amemaliza ya nane: tumpeleke wapi?

Kila mwaka, mwanzo wa mwezi wa Julai, shule zinapotangaza matokeo, furaha inaingia katika nyumba nyingi za hapa kwetu Lubumbashi. Mtoto amepita, amemaliza kalasi ya nane. Ndugu zake wanammwagia poda nyeupe kichwani, majirani wanapiga vigelegele, na mama anatoa pesa alizokuwa amezificha ili anunue chupa mbili tatu za kinywaji. Hayo ni mazuri, wala hatuyakatazi. Lakini wiki mbili zikipita, sisi makatekista tunaanza kusikia hodi mlangoni. Anakuja baba, au mama, karatasi mkononi: «Mwalimu, huyu mtoto tumpeleke wapi sasa?»

Wanakuja kwetu kwa sababu tulisoma seminari miaka kadhaa kabla ya kurudi nyumbani na kuoa, na watu hufikiri ya kuwa aliyesoma Kilatini anajua kila karatasi ya Serikali. Basi tumezoea kukaa nao. Tangu miaka sita tunawakusanya wazazi na watoto wa kalasi ya nane wakati wa likizo, jioni, chini ya paa la shirika letu, na mambo tunayoandika hapa tumeyaona huko.

Kwanza tuelewane juu ya majina, maana wazee na vijana hawasemi namna moja. Zamani mtoto alisoma miaka sita ya primeri, kisha miaka sita ya sekondari. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 iligeuza hesabu hiyo: sasa ni miaka minane ya masomo ya msingi, halafu miaka minne ya umanite. Kalasi ambayo baba anaiita «ya tatu sekondari» ndiyo hiyo mtoto anayoiita «ya kwanza umanite», nayo ni mwaka wa tisa tangu alipoanza kuandika herufi. Tumeona baba na prefe wakibishana robo saa nzima, kumbe wote wawili walikuwa wakisema kalasi ileile.

Sasa, mwaka huo wa tisa si sawa na mingine. Mpaka ya nane watoto wote wanasoma karibu masomo yale yale. Katika ya tisa wanaachana. Huyu anaingia Sayansi, yule Komersiali, mwingine Pedagojia, mwingine Latini na Filozofia, wengine ufundi: umeme, mekanika, ujenzi, ushonaji, kilimo. Opsioni hiyo itamfuata mpaka Mtihani wa Serikali, ule ulioanza mwaka wa 1967, na itaandikwa juu ya diploma yake. Akitaka kugeuza katikati ya safari, mara nyingi inambidi kuanza upya mwaka wa kwanza. Na mwaka uliopotea ni pesa iliyopotea.

Na familia zinachagua namna gani? Tuseme ukweli. Wengi wanachagua shule iliyo karibu, na opsioni ni ile iliyopo hapo. Wengine wanatazama vitabu vya kaka mkubwa: kwa kuwa vitabu vya Komersiali vimo tayari katika kartoni chini ya kitanda, basi mdogo naye ataingia Komersiali. Kuna mama mmoja aliyetuambia bila aibu ya kuwa alichagua opsioni ya binti yake kwa sababu jina lake lilisikika vizuri kinywani. Tulicheka pamoja naye, lakini binti alikuwa hacheki.

Hatusemi ya kuwa ukaribu na bei si kitu. Mtoto anayetembea saa moja na nusu asubuhi na tena jioni hana nguvu ya kufanya hesabu usiku. Lakini tunawaomba wazazi watazame kwanza mtoto mwenyewe. Mwisho wa ya nane anafanya mtihani wanaouita TENASOSP, na jina lake lenyewe linasema kazi yake: kuchagua na kuelekeza, katika masomo na katika kazi. Wazazi wengi wanauliza tu kama amepita. Wachache sana wanauliza: ameelekezwa wapi, na kwa nini?

Juu ya Pedagojia tunataka kuongeza neno. Watu wanaidharau, wanasema ni ya wale walioshindwa kwingine. Sisi hatukubali. Huko mtoto anajifunza kusimama mbele ya wenzake, kutayarisha somo, kufundisha kalasi ya watoto wadogo mbele ya watu wanaompima. Ufundi nao una mtihani wake wa mikono, wala hautoshi kukariri daftari. Mzazi anayefikiri ya kuwa ufundi ni mahali pa wavivu, aende siku moja kwenye karakana ya Wasalesiani pale Salama, asimame mlangoni, atazame.

Hapa Katanga kuna jambo jingine tena. Wazee wetu walizoea kazi ya kompani. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka wa 1906, na Gécamines iliyokuja baada yake, zilikuwa na shule zao, na mtoto wa mfanyakazi alisoma karibu bila baba kufungua mfuko. Wengine bado wana mawazo hayo: shule ni jambo ambalo mtu mwingine analipa. Na ilipokuja elimu ya bure ya primeri mwezi wa Septemba 2019, kama Katiba ya 2006 ilivyokuwa imeagiza, wengine wakafikiri ya kuwa mzigo umetuliwa mpaka mwisho. Lakini bure hiyo iliwekwa kwa primeri. Mtoto akifika umanite, kuna minervali, kuna uniformi, kuna vitabu, na katika ufundi kuna vyombo na nguo ya kazi. Tunawashauri wazazi waulize hesabu yote ya mwaka mzima kabla ya kuandikisha, wala si malipo ya kwanza tu. Malipo ya kwanza ni madogo sikuzote.

Mwaka jana tulikaa jioni tatu katika nyumba moja ya parokia yetu. Baba anauza makala, anayaleta kwa baisikeli kutoka mbali. Mama anauza unga. Walikuwa na watoto wawili waliomaliza ya nane pamoja, kwa kuwa kijana alikuwa amerudia kalasi mara moja. Binti alipata 71 kwa mia, kijana 54. Baba alikuwa amekwisha kuamua: kijana ataingia Sayansi, na binti atakwenda kwa shangazi yake mwenye cherehani. Akatuambia: «Mwalimu, binti anajua kusoma na kuandika, yatosha. Huyu kijana ndiye atakayebeba jina langu.»

Hatukumhubiria. Tulimwomba jambo moja tu: alete buletini za watoto wote wawili, za ya saba na za ya nane, aziweke juu ya meza, atusomee kwa sauti mstari wa hesabu. Akasoma. Alama za kijana zilikuwa za wino mwekundu karibu zote. Alipofika kwa binti, akasoma polepole zaidi, kisha akanyamaza. Mama, ambaye alikuwa akipepeta unga pembeni, naye akaacha kupepeta.

Jioni ya pili tulimwuliza kijana mwenyewe. Inaonekana hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza. Akatazama chini muda mrefu, akasema ya kuwa hataki Sayansi, anaiogopa. Kila siku baada ya shule anakwenda kwa jirani anayetengeneza mota za umeme, na huko amekwisha kujifunza kufunga nyaya. Baba akastaajabu: «Kumbe ndiko unakoshinda? Mimi nilidhani unacheza karata!» Tukamweleza ya kuwa katika ufundi kuna njia ndefu ya miaka minne, na kuna njia fupi ya miaka mitatu inayompeleka kijana moja kwa moja kazini.

Jioni ya tatu ilikuwa ya pesa, na ndiyo iliyokuwa ngumu. Hesabu ya baba ilitosha mtoto mmoja na nusu. Mama akasema ya kuwa zamu yake ya likelemba inaanguka mwezi wa Oktoba. Basi baba akaenda mwenyewe kwa prefe wa shule ya binti, kabla ya kalasi kuanza, akiwa amevaa koti lake la Jumapili, akaomba kulipa kwa vipande vitatu. Prefe akakubali, akaandika tarehe. Mkubwa wa shule husikiliza zaidi mzazi anayekuja Agosti kuliko yule anayekuja Novemba mtoto akiwa amekwisha kufukuzwa.

Msifikiri ya kuwa yote yalinyooka. Semesta ya kwanza binti alipata nyekundu katika fizika, na baba akaja kwetu kwa hasira: «Ndiyo hiyo sayansi mliyoitaka?» Tukamwonyesha namna ya kusoma buletini. Somo likiwa na alama 10 kwa kipindi, mtihani wa semesta una 20, yaani sawa na vipindi viwili pamoja. Binti alikuwa amefanya vizuri katika vipindi, akaanguka katika mtihani. Maana yake anaelewa kalasini, lakini hajui kujitayarisha kwa masomo mengi wakati mmoja. Hilo lina dawa. Mwisho wa mwaka alipita kwa 58. Kijana naye amepita katika umeme. Baba bado husema ya kuwa cherehani ya shangazi ipo, inangoja.

Alama ya 71 kushuka mpaka 58, hilo linawatisha wazazi wengi. Msitishike. Masomo yamekuwa mazito na walimu wamekuwa wengi, kila mmoja na desturi yake. Tatizo kubwa tunaloliona ni Kifaransa. Nyumbani tunasema Kiswahili, na ni vizuri, lakini Mtihani wa Serikali una insha ya Kifaransa, na hata swali la fizika linaulizwa kwa Kifaransa. Tumeona mtoto anayejua jibu lakini hakuelewa swali. Kwa hiyo wakati wa likizo tunawapa watoto kazi ndogo: kusoma ukurasa mmoja kwa sauti, kufunga kitabu, kueleza kwa Kiswahili walichosoma, kisha kuandika mistari kumi kwa Kifaransa. Mwanzoni wanalalamika. Kufika Agosti wanasahihishana wenyewe, na wengine wanatusahihisha hata sisi, na kwa furaha kubwa.

Nyumbani tunawaomba wazazi mambo machache. Mtoto apate saa moja na nusu ya kimya kabla umeme haujakatika, na taa ikiwa tayari kama ukikatika. Simu ikae kwa mama wakati huo. Na tafadhali, kazi za nyumba zigawanywe. Katika nyumba nyingi binti anachota maji, anapika, anaosha vyombo, anaogesha wadogo, ndipo anafungua daftari saa tatu za usiku. Kaka yake amekwisha kulala. Kisha tunashangaa alama zake zinashuka!

Tena, mzazi asingoje kuitwa. Kipindi cha kwanza kikiisha, aende shuleni, amwone mwalimu mwenye kalasi, amwulize: mtoto wangu anakaa wapi kalasini, anauliza maswali, somo gani linamshinda? Akina baba, msiwaachie akina mama tu kazi hiyo.

Mwaka huu tutaanza Jumamosi ya pili ya mwezi wa Julai, saa kumi za jioni, chini ya paa la shirika kama kawaida. Mlete buletini mbili, ya saba na ya nane, na karatasi ya TENASOSP kama mmekwisha kuipata. Na mtoto mwenyewe aje, asibaki nyumbani kulinda wadogo. Wadogo nao mje nao, kuna mikeka.