Fahamu Huenda Wapi?

Waswahili husema mtu amepoteza fahamu, kisha fahamu zikamrudia, kana kwamba fahamu ni njiwa wa kufugwa aliyeruka akatua tena tunduni mwake. Wataalamu wa ubongo hawamtaki njiwa huyo. Kwao hakuna kilichotoka wala kilichorudi. Tundu lenyewe ndilo lililonyamaza, na tundu lenyewe ndilo lililoanza tena kulia.

Tundu hilo lina seli za neva takriban bilioni 86. Ajabu ni kwamba wingi si hoja. Nne kwa tano ya seli hizo zimo katika ule ubongo mdogo wa kisogoni, nao ukiharibika mtu hupepesuka na ulimi humlemea, lakini hubaki yu macho, yu yeye. Jeraha dogo katika shina la ubongo, lenye unene wa kidole gumba, laweza kumzimisha kabisa. Basi siri haimo katika hesabu ya seli, imo katika namna zinavyoitikiana. Mpenzi wa tungo hatashangaa: mizani 16 zaweza kuwa mshororo, na hizo hizo zaweza kuwa makelele.

Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake wa Cambridge, Uingereza, walitangaza habari za mwanamke wa miaka 23 aliyeumia katika ajali ya gari. Miezi mitano baadaye alikuwa akilala na kuamka, lakini haitikii lolote, na madaktari walikwisha kumhesabu kuwa hana utambuzi. Wakamwingiza katika mashine ya sumaku inayopiga picha za ubongo, wakamwambia awaze kuwa anacheza tenisi. Sehemu zinazoandaa mwendo wa mwili zikaamka. Wakamwambia awaze anapita chumba hadi chumba nyumbani kwake. Zikaamka nyingine, zile za kutambua mahali. Picha zake hazikutofautiana na za watu wazima wa afya. Mwili ulikuwa kimya, naye yumo ndani akitii.

Shangazi yangu alipoanguka kwa kiharusi, miaka kadhaa baadaye, habari hiyo haikunitoka kichwani. Alikuwa mtu wa tungo. Ndiye aliyenifunza kupima mizani kwa vidole kabla sijajua kuandika. Alilala siku 19, macho yakifumbuka na kufumba bila kumtazama yeyote. Waliokuja kumjulia hali walimtaja kwa "alikuwa", naye angali akivuta pumzi. Mmoja akauliza bei ya sanda, pale pale kitandani. Niliwaomba mazungumzo hayo wakayafanyie nje, wakaniona mkorofi.

Mashine ya Owen hatukuwa nayo, na hata tungekuwa nayo isingemaliza shaka. Mwaka 2024 ulitolewa utafiti wa wagonjwa 241 wasioonyesha kwa mwili kwamba wanatii amri. 60 kati yao, yaani robo, walitii kwa ubongo. Lakini aliyeshindwa mtihani huo si lazima awe hayupo. Hata wazima wengine hushindwa.

Na vipi umeme wa seli unageuka kuwa uchungu, harufu ya asumini, sauti ya mamako? Mwaka 1998 Christof Koch, bingwa wa ubongo, aliwekeana dau na mwanafalsafa David Chalmers kwamba ndani ya miaka 25 alama ya fahamu katika seli ingekwisha kujulikana waziwazi. Mwaka 2023 Koch alikiri kushindwa, akalipa dau lake kwa mvinyo. (Sisi tungewekeana tende.) Nawastahi wote wawili, ila swali lao ni la watu wenye wasaa. Mimi pale kitandani niliuliza dogo zaidi: yumo?

Usiku nilimsomea beti alizonifunza mwenyewe, taratibu, mdomo karibu na sikio lake. Kila nilipofika kwenye kibwagizo nilinyamaza kidogo, kama alivyonizoesha utotoni, nikampa nafasi aitikie.