Mtaa Wetu wa Mpanda

Mtu akiulizwa kwao, mara nyingi hutaja ukoo wake na kijiji cha babu zake. Sisi tukaao Makanyagio, mjini Mpanda, twaona taabu kujibu hivyo, maana majirani wa mlango mmoja wametoka pande nyingi.

Nchi hii tangu zamani ni ya Wabende, Wakonongo na Wapimbwe. Mji ulianza kwa sababu ya madini. Katika miaka ya 1930 ilionekana risasi ardhini, pamoja na fedha na dhahabu, na kwa ajili ya mgodi ikajengwa reli kutoka Kaliua, kilometa 210, ikafika Mpanda mwaka 1950. Miaka kumi tu ikapita, na mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Mtu angalidhani mji nao utakwisha, lakini reli ilibaki, na watu wakazidi kuja. Mwaka 1972 walikuja wakimbizi wa Burundi, wakapewa mahali Katumba, na wengi wao baadaye wakapata uraia. Wasukuma walikuja na ng'ombe wao. Mwaka 2012 ukaanzishwa Mkoa wa Katavi, na Mpanda ukawa makao yake. Ndipo nyumba za matofali na bati zilipoongezeka upesi.

Sasa niseme habari za maisha yetu ya kila siku. Mashine ya kusaga i karibu, hata mtoto aweza kutumwa na debe la mahindi akarudi kabla chungu hakijachemka. Sokoni twapata mchele, samaki wakavu na asali ya porini. Shule na zahanati mtu hufika kwa miguu, na mgonjwa asiyeweza kutembea huchukuliwa kwa pikipiki. Vitu hivyo ni vyema, nasi twashukuru. Lakini siku hizi kitu kimoja chanitia mashaka, nacho ni kuta.

Zamani tulizungushia nyumba zetu ua wa minyaa. Jirani alisalimu juu yake, akaomba moto au chumvi, na mtoto akilia alisikiwa. Sasa kila apataye fedha hujenga ukuta mrefu na lango la chuma. Simlaumu, maana wezi wapo. Ila mwaka mmoja wa kiangazi kikali mabomba yalikauka siku nyingi. Katika nyumba zilizo karibu nasi visima vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa ndani ya ukuta, na lango likafungwa. Cha pili kilikuwa cha mama mmoja mjane, nyuma ya ua wa minyaa. Yeye alikata sehemu ya ua, akafanya njia, akasema kila mtu ateke ndoo mbili na arudishe kifuniko. Hakutoza hata senti. Maji yalishuka hata tukateka tope, wala hakuiziba njia ile.

Hata Uingereza walilifikiri jambo hili. Mwaka 1907 reli ya chini ya ardhi ilifika Golders Green, kando ya London, na mwaka ule ule bibi mmoja, Henrietta Barnett, alianzisha karibu na hapo mtaa uitwao Hampstead Garden Suburb. Alitaka matajiri na maskini wakae pamoja, na nyumba zitengwe kwa ua wa miti, si kwa kuta. Miti ile ingaliko na mtaa ni mzuri sana, lakini bei za nyumba zimepanda hata maskini hawezi kununua huko. Basi twajifunza kwamba ua peke yake hautoshi, yapasa na moyo wa mwenye ua.

Nasema haya kwa sababu mji wetu unakua, na vijana wetu ndio watakaojenga. Walimu, wafundisheni watoto habari za mgodi na reli, wajue kwamba karibu sote tulipokewa hapa na mtu aliyetutangulia. Nanyi wazazi, mkijenga ukuta, jengeni. Lakini acheni mlango mdogo upande wa jirani, na ufunguo wake mmoja mpeni yeye. Njia ya kisima cha mama yule ingali wazi, minyaa haijaota tena pale, kwa kuwa miguu yetu haijaacha kupita.