Imeamuliwa na Nani?

Kila aliyepita shule ya msingi katika nchi hii anaikumbuka sentensi ya kikombe. Mtoto akisema "nimevunja kikombe", amejitaja. Akisema "kikombe kimevunjwa", amekiri kwamba yupo aliyekivunja, ila hakumtaja. Akisema "kikombe kimevunjika", hapo hakuna wa kuulizwa. Kikombe kimejimaliza chenyewe. Walimu wa sarufi huziita kauli ya kutenda, kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka. Kwa miaka mingi nilizichukulia kauli hizi kuwa mambo ya mtihani. Siku hizi naamini kwamba humo ndimo linamoanzia somo la uraia, na kilichonifikisha huko ni chombo cha kutafutia maneno kinachotumiwa na waandishi wa programu za kompyuta.

Mtaani kwetu Olasiti, pembezoni mwa Jiji la Arusha, mashamba ya mahindi yanageuka viwanja, na viwanja vinakatwa na barabara. Baadhi ya majirani waliamka siku moja wakakuta alama nyekundu ya X kwenye kuta zao. Walikuwa wamehifadhi karatasi za miaka kadhaa: matangazo, barua, mihtasari ya mikutano. Nyingi wakazipata pia kwa njia ya kompyuta, wakaniletea zote kwa pamoja. Ombi lao lilikuwa fupi: "Mwalimu, tutafutie humo ni nani aliyeamua."

Swali hilo si la umbea. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu mwananchi kuomba taarifa, nayo inamtaka mwenye taarifa ajibu ndani ya siku 30. Lakini ombi ni lazima lipelekwe kwa huyo mwenye taarifa. Anayekusudia kuishtaki Serikali hutakiwa kutoa notisi ya siku 90. Notisi nayo inataka jina la anayelalamikiwa. Anayetaka Mahakama Kuu iupitie uamuzi wa mamlaka ya umma ana miezi 6 ya kuomba kibali, na saa huanza kwenda uamuzi unapofanyika. Asiyemjua mwamuzi wala tarehe ya uamuzi ana haki ambayo hajui pa kuipeleka.

Mwanafunzi wangu mmoja anayesomea kompyuta aliyafungua mafaili yale katika Visual Studio Code, programu ambayo wenzake huandikia msimbo. Ndani yake mna uwanja wa kutafuta unaopekua mamia ya mafaili kwa mara moja. Tukaandika "amua". Zikaja sentensi chache mno. Sababu ni ya Kiswahili chenyewe: kitenzi chetu hubadilika mbele na nyuma, na "imeamuliwa" haina "amua" ndani yake. Tukakata neno hadi "amu". Hapo zikamiminika kalamu, salamu, damu na awamu, uamuzi ukiwa umefukiwa katikati yao.

"Mwalimu," kijana akaniambia, "hapa usiandike neno. Andika umbo la neno."

Umbo hilo huitwa ruwaza. Tulilolitengeneza lilikuwa hili:

\b(a|wa|i|u|li|ya|zi|ki|vi)(li|me)[\w'’]+wa\b

Lisikutishe, msomaji. Alama \b ni mpaka wa neno, na mstari wa wima husomeka "au". Mabano ya kwanza yana viambishi vya ngeli, ya pili yana wakati uliopita na hali timilifu. Mabano ya mraba yanasema: kisha herufi zozote, pamoja na kile kitone cha ng'. Kitone hicho tulikiandika kwa namna mbili kwa sababu makarani hukichapa kwa namna mbili. Bila hicho, wote "walionyang'anywa" na "waliong'olewa" wangepita bila kuonekana. Mwisho kuna "wa", mkia wa kauli ya kutendwa. Kwa kuwa vitenzi vya "walio" vina herufi moja ya ziada baada ya wakati, [\w'’]+ huimeza hiyo pia.

Tukabonyeza. Imeamuliwa. Iliazimiwa. Yalipitishwa. Limepangwa. Viliainishwa. Skrini ikajaa matendo yasiyo na watendaji.

Sarufi yetu, hata hivyo, inampa mtendaji nafasi yake hata katika kauli hiyo: anatajwa baada ya "na". "Imeamuliwa na kikao fulani." Basi tukaongeza "na" mwishoni mwa ruwaza, tukaona orodha ikinywea. Na hata hizo zilizobaki zilihitaji jicho. Katika "iliamuliwa na kuagizwa", ile "na" haimtaji mtu. Inaunganisha tendo lisilo na mwenyewe na jingine lisilo na mwenyewe. Aidha chombo kilituletea "wananchi walielezwa" na "wananchi walielewa" kama vitu vya aina moja, maana yote mawili yanaishia na "wa". Mashine haijui tofauti ya kuelezwa na kuelewa. Niliwaza kwamba wapo waandishi wa mihtasari ambao nao hawaijui.

Kisha tukatafuta kauli ya kutendeka: imeonekana, imebainika, imelazimika. Hizi ndizo nzito zaidi. "Imeamuliwa" inaacha mlango wazi; unaweza kuuliza "na nani?" na sarufi ikakuruhusu. "Imebainika" imeufunga. Jambo limejitokeza lenyewe kama ukungu wa asubuhi juu ya Meru, na hakuna amwulizaye ukungu nani kauleta.

Chombo hiki kina ukoo unaofaa kujulikana. Babu yake ni programu iitwayo grep, iliyoandikwa na Ken Thompson katika maabara za Bell huko Marekani na kutolewa mwaka 1973. Mwenzake Lee McMahon alitaka kuchunguza makala 85 za kisiasa za miaka ya 1787 na 1788, zilizochapishwa kwa jina la bandia la Publius ili kuitetea katiba mpya ya Marekani. Alitaka kujua nani aliandika ipi. Makala hizo zilikuwa kubwa mno kwa kihariri cha wakati ule, ndipo Thompson akamtengenezea chombo. Kabla yao, mwaka 1964, wanatakwimu Frederick Mosteller na David Wallace walikwisha kuonyesha kwamba mwandishi wa makala zenye utata hufichuliwa na maneno madogo madogo, yale ambayo mtu huyaandika bila kuyafikiria. Mwaka 2016 Andrew Gallant alitoa ripgrep, mjukuu mwenye kasi kubwa, na huyo ndiye anayefanya kazi ndani ya Visual Studio Code. Kwa hiyo chombo hiki tangu kuzaliwa kwake kimeulizwa swali lile lile la majirani zangu: nani yuko nyuma ya maandishi haya? Nasi neno letu dogo la kuchunguza ni "na".

Watu wa mlima huu hawakungoja kompyuta ili waulize. Vitabu husema kwamba mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 "waliondolewa" Ngare Nanyuki. Itazame sentensi hiyo: haina mtendaji. Wameru hawakuiacha hivyo. Walisema ni utawala wa Kiingereza uliowaondoa ili kuwapisha walowezi wa Kizungu. Tena wakatambua kwamba utawala huo ulikuwa na mkubwa wake, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika New York kulieleza hilo mbele ya Umoja wenyewe. Ardhi haikurudishwa wakati ule, lakini shauri lilisikika duniani kwa sababu lilikuwa na anwani.

Karatasi za Olasiti zilitupa kidogo, ila kilitosha. Katika kiambatisho kimoja ilikuwamo sentensi yenye "na" ya kweli: jina la kikao, na tarehe. Karatasi zilizopigwa picha na kugongwa mhuri chombo hakikuweza kuzisoma. Hizo tulizisoma kwa macho, usiku, mmoja baada ya mwingine. Majirani wameandika ombi la taarifa chini ya sheria ya 2016. Sijui watajibiwa nini. Najua kwamba safari hii bahasha ina jina la mpelekewa.

Tangu mwaka 2021 sheria imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Wengi wetu tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini lugha inayoeleweka na watu wote inaweza pia kuwaficha wachache vizuri kuliko lugha ya kigeni, kwa kuwa msomaji haoni kwamba kuna kitu kimefichwa.

Kwa wanafunzi wangu, nawasihi mjifunze chombo hiki hata kama hamsomei kompyuta. Ni cha bure, na jioni mbili zinatosha. Kwa wanaharakati, kabla ya kupaza sauti, hesabuni "na" zilizokosekana. Na kwenu watumishi wa umma, ambao wengi wenu nimewafundisha: mnapoandika muhtasari wa kikao kijacho na mkono ukaandika "imeamuliwa", msiweke nukta. Ongezeni neno moja la herufi mbili, kisha jina.