Njia ya Uuguzi Haina Mkato

Mimi ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii. Madawati hayo mnayoyakalia niliyakalia mimi pia hadi mwaka 2018 nilipofanya mtihani wa KCSE. Mhariri ameniomba niandike juu ya masomo yangu huku Marekani, nami nimeonelea heri nijibu swali ninaloulizwa kila nikipiga simu nyumbani: "Eti huko uuguzi ni rahisi, mtu anaingia tu?"

Kusema kweli, haingii tu mtu. Anahesabiwa alama moja moja, kama mkulima anavyohesabiwa kilo za majani ya chai kwenye mizani.

Mwaka 2019 tulihamia jimbo la Minnesota baada ya Mama kupata viza kwa bahati nasibu. Wakenya ni wengi huku, na baridi yake si mchezo. Mama alianza kazi za usiku mara moja, nami nikaamua kusomea uuguzi katika chuo cha jamii.

Chuo cha jamii ni nini? Ni chuo cha umma ambacho aghalabu husomwa kwa miaka miwili. Ada yake ni nafuu kuliko ya chuo kikuu, na wanafunzi wengi hutoka makwao na makazini. Kikongwe kati ya vyuo hivyo vya umma, Joliet Junior College cha jimbo la Illinois, kilianzishwa mwaka 1901. Uuguzi uliingia katika vyuo hivi baada ya Vita Vikuu vya Pili, wakati wauguzi walipokuwa haba. Mwalimu mmoja wa New York, Mildred Montag, alieleza mwaka 1951 jinsi ambavyo muuguzi angeweza kuandaliwa kwa miaka miwili, na majaribio yakaanza mwaka 1952. Mpaka leo, aliyesoma shahada ya miaka miwili na aliyesoma ya minne hufanya mtihani ule ule wa leseni, uitwao NCLEX-RN.

Basi watu husikia "miaka miwili" wakashangilia. Lakini ile miwili huanza kuhesabiwa baada ya kuingia. Kabla ya hapo kuna masomo ya utangulizi: anatomia na fiziolojia, maikrobiolojia, saikolojia, Kiingereza cha kuandika. Kwa mtu afanyaye kazi, hayo pekee yaweza kula mwaka mzima au miwili. Na vyeti vyetu vya Kenya huenda vikatakiwa kwanza kupimwa na shirika la kupima vyeti vya kigeni, tena kwa malipo.

Halafu kuna mtihani wa kuingilia. Chuo nilichoomba kilitaka ule uitwao TEAS. Una maswali 170 na muda wa dakika 209, katika sehemu nne: kusoma, hesabu, sayansi na lugha ya Kiingereza. Nilipofungua kitabu cha kujitayarishia, nilikutana na marafiki wa zamani! Mzunguko wa damu tulioufanya kidato cha pili ulikuwa pale. Osmosisi ya kidato cha kwanza ilikuwa pale. Mnakumbuka ile viazi tuliyoitia kwenye maji ya chumvi ikalegea? Ndiyo hiyo hiyo inayoeleza kwa nini mgonjwa hutiwa mshipani maji yenye chumvi asilimia 0.9, wala si maji matupu. Maji matupu yangeingia ndani ya chembe nyekundu za damu, zikavimba na kupasuka. Na ule uwiano tuliokuwa tukiulalamikia katika hesabu ndio unaompa mgonjwa kipimo chake: mililita 1,000 kwa saa 8 ni mililita 125 kila saa. Hapa ukikosea nukta, hukosi maki tu; unaweza kumdhuru mtu.

Jambo jingine, chuo kilitaka kila mwombaji awe amefunzwa kazi ya msaidizi wa muuguzi. Sheria ya serikali kuu inataka mafunzo hayo yasipungue saa 75. Niliyafanya, nikaajiriwa katika makao ya wazee. Huko ndiko nilikojua kama kazi hii naitaka ama naitaka tu kwa jina. Kumwogesha mzee, kumlisha taratibu asipaliwe, kumgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulala, kumpeleka choo saa tisa za usiku. Kuna bibi mmoja aliyekuwa amesahau majina ya watoto wake, lakini nikimwosha miguu alikuwa akinipapasa kichwa kama nyanya yangu. Mtu anayeona kinyaa kazi ya namna hii, heri ajue mapema, kabla hajalipa ada.

Nikapeleka maombi. Nikangoja. Barua ikaja: nafasi zimejaa, jaribu tena mwaka ujao.

Jamani, ile siku sikula. Si kwamba nilikuwa nimefeli. Maki zangu zilikuwa nzuri. Ila nafasi ni chache mno. Nilieleweshwa baadaye kwamba chuo hakiwezi kuongeza wanafunzi hivi hivi, kwa sababu walimu wa uuguzi ni haba, na mwalimu mmoja hospitalini huongoza kikundi kidogo tu, mara nyingi wanafunzi wanane hadi kumi. Kwa hivyo wanaotimiza masharti huwa wengi kuliko viti.

Mama alirudi kutoka zamu ya usiku akanikuta nimekaa na barua. Aliisoma, akavua koti, akakaa.

"Mwanangu," akasema, "kazi si unayo? Ongeza saa, tulipe kodi ya nyumba, na mdogo wako huko nyumbani amalize shule. Masomo yatangoja."

Sikuwa na la kumjibu, maana alilosema lilikuwa kweli. Karo ya mdogo wangu ilitoka mifukoni mwetu wawili. Nilinyamaza kitambo, kisha nikamwambia, "Mama, nipe mwaka mmoja tu. Karo nitaendelea kutoa. Nikikosa tena, sitakusumbua."

Aliniangalia sana. "Mmoja," akasema, akaenda kulala.

Wiki ile ile nilimwendea mshauri wa chuo nikamwuliza alama zangu zilihesabiwaje. Akanionyesha: maki za masomo ya utangulizi zina alama zake, TEAS ina zake, na kazi ya kuhudumia wagonjwa ina zake. Nikachukua maikrobiolojia, ambayo kwa chuo hicho haikuwa lazima kabla ya kuingia lakini ilikuwa na alama. Nikaendelea na zamu za makao ya wazee. Nilisoma ndani ya basi na wakati wa mapumziko, kadi ndogo ndogo za majina ya mifupa zikijaa mfukoni. Mama hakusema kitu, ila nilianza kukuta chai kwenye chupa kila alfajiri.

Mwaka uliofuata barua ilikuwa nyingine. Nilikubaliwa!

Hata hapo safari haikuisha. Kabla ya kugusa mgonjwa wa hospitali, mwanafunzi huchunguzwa kama ana rekodi ya uhalifu, hujifunza kumwokoa mtu ambaye moyo wake umesimama, na huonyesha ushahidi wa chanjo. Sisi Wakenya tuna jambo letu hapa. Wengi wetu tulichanjwa BCG tukiwa wachanga, na kipimo cha kifua kikuu cha ngozi huweza kuvimba kwa sababu ya chanjo hiyo, ukadhaniwa una ugonjwa. Kwa mtu kama huyo kipimo cha damu ndicho bora. Atakayekuja huku akumbuke kulitaja hilo, na asiache kadi yake ya kliniki nyumbani.

Sasa naendelea na masomo. Bado mimi si muuguzi. NCLEX inaningoja mbele, maswali kati ya 85 na 150 kwa muda usiozidi saa tano, na kompyuta hukupa swali linalofuata kulingana na ulivyojibu yaliyotangulia.

Ndugu zangu, sikuandika haya ili mtamani Marekani. Wauguzi wanahitajika hata hapo kwetu, na masomo ya kuwatayarisha ni yale yale. Nimeandika kwa sababu wapo kati yenu wanaodhani kwamba uuguzi ni wa waliokosa udaktari, na wapo wanaodhani kwamba biolojia ya kidato cha pili ni ya kukariri na kusahau. Haba na haba hujaza kibaba. Itunzeni daftari hiyo. Na ukiambiwa nafasi zimejaa, uliza kibaba chako kimepungua wapi, kisha urudi ukakijaze.