Deni la Picha Tatu

Likizo iliyopita nilitumwa kufanya uchungaji katika parokia moja ya wilaya ya Serengeti, upande wa Mugumu. Kwetu ni Tarime, ng'ambo ya Mto Mara, kwa hiyo sikufika huko kama mgeni kabisa. Katika begi nilikuwa na breviari, kanzu mbili, kitabu cha metafizikia ambacho nakiri sikukifungua, na kamera ya filamu iliyotengenezwa wakati baba yangu alikuwa bado anachunga ndama. Nataka kueleza habari za kamera hiyo, na za mzee mmoja ambaye kamera hiyo ilinitia katika deni lake.

Ni Canon, aina inayoitwa Canonet QL17 GIII, iliyotoka Japani mwaka 1972. Paroko wa kwetu aliikuta kabatini, katikati ya redio mbovu na kaseti za kwaya. Hakuna aliyejua ni ya nani. Tangu Wamaryknoll walipofika Musoma mwaka 1946, nyumba za mapadre za mkoa wetu zimelaza watu wengi, na wengine waliondoka wakaacha vitu nyuma. Paroko anajua napenda vitu vya zamani. Akanipa akisema, "Chukua, Frateri, ila isije ikakutoa kwenye vitabu."

Wenzangu huniuliza kwa nini nihangaike nayo wakati simu ipo. Kusema kweli, mwanzoni nilivutiwa tu na namna inavyopima umbali. Ukichungulia kwenye kidirisha chake unaona kila kitu wazi, cha karibu na cha mbali, kama mtu anayetazama nje kupitia dirisha la chumba chake. Katikati kuna doa dogo la manjano. Ndani ya doa hilo mtu unayemlenga anaonekana mara mbili, kama mtu na kivuli chake. Unasukuma kijiti kilicho kwenye lenzi, vile viwili vinasogeleana, na vikishakuwa kimoja umbali umepatikana. Siri yake ni kwamba kamera ina vidirisha viwili vilivyoachana kidogo, nayo hupima umbali kwa pembe iliyo kati yake, jinsi macho yetu mawili yanavyofanya.

Lakini mkumbuke jambo moja, maana litarudi: kidirisha unachochungulia si lenzi. Jicho lako lina njia yake, na filamu ina njia yake.

Kamera hii ilitumia betri ndogo ya zebaki, ambayo haitengenezwi tena kwa sababu zebaki ni sumu. (Wachimbaji wadogo wa dhahabu kwetu bado wanaishika kwa mikono, lakini hiyo ni makala nyingine.) Bila betri kipimo cha mwanga hakifanyi kazi, ila kamera yenyewe inapiga, kwa sababu mtambo wake ni wa springi na meno ya chuma. Mwanga unaukadiria mwenyewe. Kwenye jua kali unaweka tundu la lenzi kwenye 16, na kasi unaiweka karibu na namba ya filamu. Filamu yangu ilikuwa ya 400, kwa hiyo kasi ilikuwa sehemu moja ya 500 ya sekunde. Jua la mchana la Mugumu halina utata. Kanuni hiyo inatosha.

Mkanda mmoja una picha 36. Nilikuwa na mikanda miwili ya picha nyeusi na nyeupe, iliyonunuliwa Nairobi na ndugu yangu ikaja kwa basi kupitia Sirari. Bei ya mkanda mmoja ni zaidi ya nusu ya nauli yangu ya kurudi seminarini. Ukiwa na mkanda wa namna hiyo huwezi kupiga kila mbuzi anayevuka njia. Mimi nilipiga mbuzi wawili tu.

Jumapili moja, baada ya ibada kigangoni, mzee mmoja alinijia akaitazama kamera iliyoning'inia shingoni mwangu.

"Hiyo ni ya mkanda?"

"Ndiyo, Babu, ya mkanda."

"Basi hiyo naijua. Hiyo hurudi."

Akanieleza. Ujana wake kulikuwa na mpiga picha aliyekuwa akija kwa baiskeli kutoka Mugumu siku ya mnada. Alipokea nusu ya fedha, akaandika jina lako kwenye daftari, akaondoka. Baada ya wiki tatu au nne alirudi na bahasha, nawe ukamalizia iliyobaki. Mzee alisema hakumbuki hata mara moja mtu yule kukosa kurudi. Kisha akanieleza habari ya Pasaka. Yeye na mkewe wameishi pamoja zaidi ya miaka arobaini, ng'ombe za mahari zilikwisha siku nyingi, wana wajukuu, na Pasaka hiyo ndipo ndoa yao ilipobarikiwa kanisani. Vijana wa ukoo walipiga picha nyingi kwa simu. Sasa vijana wako Mwanza na Musoma, na simu zao wako nazo hukohuko.

"Simu zenu zinachukua, hazirudishi," akasema. "Hata wazungu wa kwenda Lango la Ikoma husimamisha gari hapa, wanapiga ng'ombe wangu picha, wanapunga mkono. Ng'ombe wangu wamefika Ulaya. Mimi sijafika."

Tulicheka, tukaongozana hadi kwake. Ukutani palikuwa na cheti cha ndoa ndani ya mfuko wa nailoni, na kando yake msumari mtupu. Aliupigilia wiki ileile ya Pasaka.

Nilimwambia nitawapiga mimi, na picha italetwa. Bibi akaingia ndani kubadili kitenge. Rasharasha ikaanza, nikafunika lenzi kwa kifuniko chake. Mvua ikakatika, jua likatoka, Bibi naye akatoka. Nikawakalisha mlangoni. Kidirishani niliwaona wazi kabisa: kofia ya Babu, mikunjo ya uso wa Bibi, mkono wake juu ya goti la mumewe. Kwenye doa la manjano Babu alikuwa wawili. Nikasukuma kijiti akawa mmoja. Nikapiga mara tatu ili kuwa na uhakika. "Tayari," nikasema. "Baada ya wiki tatu nitaleta."

Sisi tunasema kusafisha picha, na mwenzangu mmoja hutania kwamba hata mkanda una toharani yake. Niliusafisha bafuni mwa nyumba ya mapadre, usiku, dirisha limezibwa kwa blanketi. Dawa niliyotumia, D-76, inataka dakika saba na nusu kwa nyuzijoto 20, na maji ya bomba yalikuwa na joto kuliko hilo, kwa hiyo niliyapoza kwenye mtungi wa jikoni. Nikamwaga dawa, nikatia ya kukazia, nikasuuza, nikautundika mkanda kwa vibanio vya nguo na kuuangalia kwenye taa.

Mbuzi wawili walikuwa safi. Watoto wa Utoto Mtakatifu walikuwa safi. Daraja la Mto Mara lilikuwa safi. Mahali pa Babu na Bibi palikuwa peupe, picha tatu mfululizo, kama nailoni isiyoandikwa kitu.

Haikunichukua muda kuelewa. Sikutoa kifuniko. Kwa simu ningeona giza na kushtuka. Hata kamera hii, kama ingekuwa na betri na nikaiachia ipime mwanga yenyewe, ingegoma kupiga. Lakini jicho langu lilikuwa kwenye njia yake, linaona kila kitu, huku filamu haioni kitu. Nilikuwa nimewatazama wale wazee kwa uangalifu kuliko mtu yeyote niliyempiga picha, na hakuna kilichoingia.

Sasa niseme lililotokea moyoni, maana ndiyo sababu ya kuandika. Zilikuwa zimebaki wiki mbili likizo iishe. Wazo la kwanza lilikuwa kutokwenda tena kigango kile. Vigango ni vingi, na katekista angeweza kunipangia kwingine. Wazo la pili lilikuwa baya zaidi kwa sababu lilionekana jema: kumtafuta mjukuu wa Mwanza, anitumie picha ya Pasaka, niichapishe na kuipeleka kana kwamba ndiyo niliyopiga mimi. Msumari ungejaa, Babu angefurahi, nani angejua? Katika mtihani wa maadili niliwahi kueleza vizuri, kwa kumfuata Mtakatifu Tomaso wa Akwino, kwamba haki ni utashi usioyumba wa kumpa kila mtu kilicho chake. Nilipata alama nzuri. Usiku ule nilitambua kwamba Babu ananidai vitu viwili, picha na ukweli, na kwamba nilikuwa natafuta namna ya kulipa kimoja kwa kuiba kingine.

Jumamosi nilipanda bodaboda. Njiani nilipanga maneno, lakini nilipofika yakaniishia.

"Shikamoo, Babu. Picha hazikutoka. Kosa ni langu, nilisahau kutoa kifuniko."

Alikaa kimya akinitazama. Kisha akauliza, "Umeleta ngozi?"

Mtu wa kwetu ataelewa. Ng'ombe wako akiwekwa kwa mtu mwingine amtunze, halafu akafa, mtunzaji hukuletea ngozi uione. Anayekuja mikono mitupu, akisema tu kwamba ng'ombe amekufa, huyo ana kesi.

Bahati nzuri nilikuwa nao mkanda. Nikautoa kwenye bahasha, nikamwonyesha mahali. Akauinua kuelekea juani, akafumba jicho moja, akachungulia kupitia sehemu ile nyeupe.

"Naona zizi langu," akasema. "Naona na mke wangu anapepeta mtama. Frateri, mbona picha imetoka?"

Bibi alicheka hadi akaweka ungo chini. Nami nikacheka, ingawa macho yalikuwa yamelowa. Kisha Babu akasema, taratibu, "Mura, umekuja na ngozi. Kaa, unywe uji."

Mkanda wa pili nilikuwa nimeuweka kwa ajili ya daraja la ushemasi la kaka mmoja wa jimbo letu. Nikaufungua palepale. Watoto wa boma walikuwa wamesikia habari yote, na kila nilipoinua kamera walipiga kelele pamoja: "Kifuniko!" Nilipiga picha sita. Safari hii nilisafisha mkanda huku nikisali rozari, na sioni aibu kusema hivyo.

Zilitoka. Nikaipiga negativu picha kwa simu, simu ikageuza nyeusi kuwa nyeupe, na studio moja mjini Mugumu wakachapa kwenye karatasi nzuri. Kwa hiyo msifikiri naidharau simu. Bila hiyo msumari ungekuwa mtupu hadi leo. Bibi aliitazama picha muda mrefu, akaniuliza kwa nini nimemzeesha. Babu aliitundika mwenyewe.

Tangu nirudi hapa seminarini nimefungua simu yangu na kuangalia picha za likizo tatu za uchungaji. Ziko nyingi sana: wanakwaya, wagonjwa niliowapelekea sala, wajane waliotupikia, watoto wa komunyo ya kwanza. Wengi wao waliniuliza, "Utatuletea?" na wote niliwajibu ndiyo, kwa sababu kwa simu neno hilo ni jepesi. Mkanda ulinilazimisha kurudi. Simu haikunilazimisha, na mimi sikurudi.

Ndugu zangu mafrateri, kabla ya likizo ijayo tuangalie simu zetu. Nanyi waamini wa vigango, mkituona, tudaini, hamtukosei heshima. Mimi nimenunua daftari dogo, kama la yule mpiga picha wa baiskeli. Nimeandika majina kumi na moja. Matatu nimeshayafuta.