Benki Kwanza, Nyumba Baadaye

Katika miji yetu kuna desturi iliyokwisha kuota mizizi. Mtu huitafuta nyumba kwanza, akaipenda, akaitolea arabuni, kisha ndipo huenda benki kuuliza kama fedha zitapatikana. Desturi hiyo imewaliza wengi. Mimi na mwenzangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tunduma, tuliamua kuigeuza, nasi tukachekwa. Majirani walituuliza ni watu gani hao wanaokwenda kuulizia mkopo wa nyumba ambayo hawajauona hata mlango wake.

Kicheko chao kilikuwa na sababu. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilifungwa mwaka 1995. Kwa muda mrefu baada ya hapo mfanyakazi aliyetaka nyumba hakuwa na njia ila kujenga mwenyewe, tofali juu ya tofali, mwaka baada ya mwaka. Sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008, pamoja na kampuni iliyoanzishwa mwaka 2010 kuziwezesha benki kukopesha kwa muda mrefu, viliufungua mlango upya. Lakini mazoea ya watu hayabadilishwi na sheria peke yake.

Isitoshe, Tunduma ni mji wenye haraka. Tunatazamana na Nakonde ya Zambia, tunaishi kwa malori na biashara ya mpakani, na tangu Mkoa wa Songwe ulipoundwa mwaka 2016 watu wameongezeka na viwanja vimepanda bei. Dalali wa hapa hakupi nafasi ya kufikiri. Atakwambia kwamba yuko mnunuzi anayekuja kesho na fedha taslimu, nawe ukitaka nyumba isiponyoke utoe arabuni leo hii. Asiyejua uwezo wake hana la kumjibu dalali huyo.

Tulikwenda benki tukiwa na hati za mishahara, taarifa za akaunti, barua za waajiri, vitambulisho vya taifa na cheti cha ndoa. Ofisa mikopo hakutuuliza tunataka nyumba ya namna gani. Alianza na mshahara wa mwenzangu. Mtumishi wa umma hana budi kubakiwa na theluthi ya mshahara wake baada ya makato yote, na katika mshahara ule makato yalikwisha kutangulia: mchango wa hifadhi ya jamii, asilimia 15 ya mshahara kwa ajili ya deni la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na mkopo wa pikipiki. Akajumlisha na mshahara wangu, akatoa, akatuambia kwamba tungeweza kukopa shilingi milioni 22.

Mwenzangu alinyamaza njia nzima. Tulipokaribia nyumbani akasema, "Mama watoto, kumbe sisi ni watu wa milioni 22?" Nikamjibu, "Baba, afadhali tuambiwe na karatasi kuliko kuja kuambiwa na mnada."

Lakini karatasi ile ilitufundisha pia njia ya kutokea. Tulikaza mikanda miezi minane, tukamaliza deni la pikipiki, tukarudi. Safari hii tulipewa idhini ya awali ya shilingi milioni 30, itakayodumu miezi mitatu.

Hapo tena hesabu ilitutaka tuwe macho. Tuseme riba ni asilimia 15 kwa mwaka. Milioni 30 zikilipwa kwa miaka 15, kila mwezi utatoa kiasi cha shilingi 420,000, na mwisho wa yote utakuwa umelipa zaidi ya milioni 75. Ukizilipa kwa miaka 10, utatoa kiasi cha shilingi 484,000 kwa mwezi, lakini jumla itakuwa milioni 58 hivi. Tofauti ya shilingi 64,000 kwa mwezi inaokoa zaidi ya milioni 17. Hesabu ya namna hiyo mtu huifanya vizuri akiwa hajaipenda nyumba. Akishakuipenda, kila tarakimu huiona ndogo.

Tulipoanza kutafuta, nyumba ya kwanza iliyotuvutia ilikuwa Sogea: vyumba vitatu, ukumbi mpana, na ua wenye mti wa parachichi. Bei ilikuwa milioni 55. Tulimshukuru dalali tukaondoka bila ubishi. Ya pili bei yake ilitufaa, lakini mwenyewe hakuwa na hati miliki, ila karatasi ya mauziano iliyogongwa mhuri wa serikali ya mtaa. Karatasi hiyo yaweza kuwatosha majirani wawili wanaoaminiana, lakini benki yetu ilikwisha kutueleza kwamba haitaipokea kuwa dhamana. Hilo ndilo jambo kubwa katika mji uliokua kabla ya vipimo kuufikia.

Familia moja tuliyopanga nayo ilianzia upande wa pili. Walitoa arabuni ya milioni 3 kwa nyumba isiyo na hati, ndipo wakaenda benki, wakakataliwa. Muuzaji akasema fedha zimekwisha kutumika. Mama yule alikuwa ameweka akiba hiyo kwa miaka minne ya kuuza maandazi.

Lipo jambo jingine ambalo wanaume wengine hawapendi kulisikia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hazimruhusu mmoja wa wanandoa kuiweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo mazungumzo ya mkopo yaanze mezani nyumbani, si mbele ya ofisa kalamu ikiwa mkononi. Mke anayeletewa karatasi atie sahihi asichokijua ana haki ya kukataa.

Kwa wale wasio na hati ya mshahara, nao ni wengi hapa mpakani, ushauri ni kupitisha mauzo yao katika akaunti na kutunza leseni na risiti za kodi mapema. Benki haiwezi kuihesabu fedha inayolala chini ya godoro. Na wote tukumbuke kwamba idhini ya awali si ahadi ya mwisho. Bado mthamini ataikagua nyumba, na bado upekuzi utafanywa kwa msajili wa hati ili ijulikane kama mwenye nyumba ndiye mwenyewe kweli, na kama haina deni jingine.

Sisi tulipata nyumba ya vyumba viwili upande wa Mpemba, yenye hati, wiki tatu kabla ya idhini yetu kwisha. Jiko liko nje na ua hauna mti. Watoto waliuliza parachichi iko wapi. Baba yao amekwisha kupanda mche, na kila mwezi, makato yakishatoka, tunabakiwa na fedha ya unga, nauli na ada. Ndugu msomaji, nyumba isiyokunyima usingizi ndiyo nyumba yako. Nenda kaulize kwanza.